Chupa Nyeusi ya Mwisho

Gitahi amerudisha chupa.
Ameiweka mezani kwa kishindo kidogo,
kile cha mtu mwenye adabu aliyekasirika:
Mama Syombua, umeanza kututilia sukari.

Nikaiinua dirishani.
Jua la saa nne la Riruta likapenya ndani
likatokea upande wa pili bila kuguswa.
Rangi ya chai ya rangi kabla haijakolea.
Mwaka juzi mwanga ulikuwa ukiingia humo, unazama.

Sikiliza, nikamwambia, nyuki hana rangi yake.
Nyuki ni mdomo na safari.
Hapa juu ya paa, kando ya tangi la maji,
nina mizinga minne, na wenyewe
hula walichokikuta.

Mijakaranda ya barabarani ikichanua mwezi wa kumi
napata asali nyepesi, isiyo na maneno mengi.
Ikiwa zamu ya mikaratusi ya kando ya reli
inakuja ya kahawia, na ukiimeza
koo linakumbuka mafua ya utotoni,
blanketi kichwani na sufuria ya mvuke.
Mvua ikikawia, asali huvuta kijiko.
Ikizidi, huwa majimaji,
nami naiacha humo humo
mpaka waikaushe kwa mbawa zao na kuiziba kwa nta.
Sega kuukuu, lililolea vizazi na vizazi,
nalo hutia weusi wake,
kama chungu ambacho mama mkwe hakukisugua.
Na moshi! Shemeji yangu Mutisya
alifukiza mzinga kwa gunia lililomwagikiwa mafuta ya taa;
msimu mzima wateja wangu wakalamba kibatari.

Baba yangu kule Nguni alikuwa na migunga tu.
Asali yake ilikaribia weupe.
Ila aliiweka jikoni, karibu na mafiga, isigande,
na kila mwezi ikazidi wekundu, ikapungua harufu,
mpaka siku moja ikawa tamu, basi.
Joto ni mwizi asiyevunja mlango.

Gitahi akatikisa kichwa.
Hayo yote sawa. Lakini ile nyeusi,
ile yenye ladha ya sukari guru
na kitu kingine nyuma yake, sijui nikiiteje,
kama umelamba kivuli.

Nikamuuliza: miparachichi ya marehemu mamako,
ile kumi na mmoja,
iko wapi?

Hakuhitaji kutazama dirishani, lakini alitazama.
Ghorofa saba. Nyavu za kijani za mafundi bado zinaning'inia,
na kwenye roshani ya tatu mtu ameanika shuka za mtoto.

Ni yeye aliyetia sahihi. Simlaumu.
Ndugu watano na robo eka,
deni la hospitali linalozaa kila Ijumaa,
hata mimi ningetafuta kalamu.
Sikumwambia kwamba baada ya misumeno
nyuki wangu walikwenda pale siku tatu mfululizo,
wakazunguka hewani, urefu wa roshani ile ile,
mahali ambapo palikuwa na maua.
Siku ya nne wakaelekea barabarani, kwenye mijakaranda.

Nyuma ya pakiti za unga ninayo chupa moja.
Imeganda chini, chembechembe,
mgeni angesema hii ndiyo yenye sukari.
Sijaiandikia bei.
Nikachovya kijiko, nikampa.

Alikaa nacho mdomoni muda mrefu
kwa mtu mwenye pikipiki inayomsubiri nje.
Mwendeshaji akapiga honi. Akapiga tena.

Gitahi akakirudisha kijiko kikiwa safi,
akaichukua chupa yake nyepesi, akaipangusa kwa mkono wa shati,
kisha, akiwa mlangoni tayari,
akauliza iliyobaki ni shilingi ngapi.

Nikafunga kifuniko.
Nikalamba kidole.